Vidole Vyeusi

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kapkatet tuko salama, na ng'ombe wako amezaa. Unauliza kama nami nimewahi kukimbilia hospitali bure, kama wewe na hiyo gesi ya tumbo uliyodhani ni moyo.

Nilipoolewa huku kutoka Londiani, kwenye viazi na si chai, nilichuma majani chai siku tatu, vidole vikawa vyeusi, na sabuni haisaidii. Nikalia kwamba damu yangu imeharibika. Mama mkwe akaacha kikapu, akanipeleka hospitali. Nesi akacheka: "Ni rangi ya chai tu, mama."

Tukirudi ndipo nikaona vidole vya mama mkwe, vyeusi kuliko vyangu.

"Ningekuambia mimi kwamba ni chai tu, ungeamini ukalala?" akaniuliza.

Namshukuru mpaka leo. Huyo rafiki aliyekupeleka, usimwombe msamaha. Mpikie chai.

Kogo wako