Wifi Asiye Wifi Tena

Jumatatu, 4 Machi

Mama kaanguka bafuni. Kiharusi! Upande wa kushoto umepooza, mdomo umekwenda kando. Mimi nilikuwa kiwandani nashona sare, simu kabatini – amri ya msimamizi. Jirani akampigia kaka. Hakupokea. Akampigia wifi, yaani mtalaka wa kaka.

Na wifi akaja! Mbio, kutoka karakana yake ya kuchomelea vyuma, aproni ya ngozi kifuani. Kambeba mama mgongoni mpaka kwenye teksi. Mama huyuhuyu aliyemwambia mwaka juzi, mbele yetu sote, kwamba ameshindwa kumtunza mume na hana chake tena nyumbani humu.

Jumamosi, 9 Machi

Mama karudi kutoka hospitali. Daktari kaagiza ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda, anyooshwe viungo. Kaka alikuja, akasimama mlangoni kama mgeni. Akasema tutafute msaidizi. Akaondoka chai haijapoa.

Wifi kabaki. Mikono ile yenye makovu ya cheche – inavyomshika mama utadhani imeshika yai! Mama aliona aibu kuogeshwa naye, akageukia ukutani.

"Mkwe, geuka basi. Ukuta huo haujui umbea."

Mama akacheka. Kwa nusu ya mdomo, lakini kacheka!

Damu nzito kuliko maji, wanasema. Basi maji ya huyu ni uji.

Jumatano, 13 Machi

Leo wifi kafunga bomba ukutani, toka kitandani hadi chooni, mama apate pa kushika. Kalikata mwenyewe, kalipiga msasa mpaka likawa laini kama kijiko.

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, kwa nini? Si mkweo tena huyu. Na alivyokutenda!

Hakuacha kukaza skrubu. Nisimfanye malaika, akasema. Siku ile njiani alikuwa na hasira bado, na maneno tele mdomoni.

"Kisha nikamkuta sakafuni, nguo imempanda mapajani, anahangaika kuivuta kwa mkono usiosikia. Akanitazama. Aibu yake ikaniingia mimi, wifi, kama mimi ndiye niliyelala pale. Ningemwacha, halafu ningeondoka nikiwa nani?"

Nikiwa nani! Nimelitafuna neno hilo jioni nzima. Siku zote nilidhani wajibu ni kamba: mtoto kwa mzazi, mke kwa mume. Kamba ikikatwa, uko huru, kila mtu na lwake. Kwake talaka ilikata kamba yote, na bado alipotazamwa alijiona mle machoni mwa mama. Mimi ni mtoto wa kuzaliwa. Je, nimewahi kumwona mama hivyo? Au nimekuwa nikimwona mama tu, si mtu?

Alhamisi, 14 Machi

Mama kahangaika na neno moja tangu asubuhi. Tukadhani anataka maji. Sa... sa... Samehe!

Wifi akamfuta mate. Kisha: "Sawa, mkwe. Sasa inua mguu."

Akauinua.

Jumapili, 17 Machi

Makubwa! Mke mpya wa kaka kaja. Peke yake, na kaka hajui. Mawifi wawili chumba kimoja, mama katikati.

Akasema anaogopa wagonjwa, ila tangu asikie habari chakula hakimpiti kooni. Wifi akamtazama mikononi. Nami nikasubiri radi.

"Vua bangili. Zitamkwaruza."

Akazivua. Sasa anafundishwa: mkono mmoja nyuma ya bega, mwingine kiunoni, usimvute, mwache aanze yeye. Mimi naandika huku maji ya kumwogesha yanachemka. Mama anawatazama, huyu, kisha yule.

Mlango wa mbele – hodi! Sauti ya kaka hiyo. Anaita, nani yumo humo?

Hakuna anayekwenda kufungua. Mama keshainuka nusu.

Wifi ananiita nikashike upande wa kushoto. Naacha kalamu.