Suruali ya Baba Neema

Bunia, siku ya tano ya juma, mangaribi

Tena leo! Paka amepita beseni ya majivu yenye nilimutengenezea, akaenda kukojoa juu ya suruali ya Baba Neema. Nilivua kambambili, nikamupiga nayo. Kisha nikamuhurumia. Tangu masasi ya bunduki ilianza kulia mu kartie yetu, mulango iko yenye kufungwa, hawezi kutoka kuchimba inje.

Suruali ile iko pale mu pembe tangu bwana yangu alirudia Bambu kutafuta zahabu. Sikuifula. Siye hatufulake nguo ya mutu mwenye iko safari mpaka arudie, juu tusimufutie njia. Na sasa vita imefunga njia yenyewe. Watu wenye walikimbia Bambu wanasema... sitaki kuandika.

Mama Furaha, jirani yangu, alisikia harufu akaingia. Akashika suruali, akaikunguta. Udongo ikaanguka.

"Mwenzangu, paka hana wazimu," akasema. "Nguo imejaa udongo ya machimbo. Ndiyo yeye anatafuta, hapana majivu. Uifule, ataacha."

"Na Baba Neema?"

Akaniwekea suruali mu mikono, akaenda kuniletea sabuni. Ile sabuni iliniuma kupita maneno yote ya wale wakimbizi.

Niliifula. Maji ilitoka nyekundu kama barabara ya Bambu. Ilipokauka, nikairudisha palepale mu pembe. Paka akakuja, akainusa, akageuka, akaenda mu beseni yake.

Kisha na miye nikainusa. Ilinuka sabuni tu.