Mke Wangu Anaitwa Kuimba Ikungi, Nami Nimemkataza

Mpendwa Bibi Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Ilongero, naomba unisaidie maana nyumbani kwangu hakuna maongezi. Mke wangu Raheli amenizidi umri, nilimwoa hivyo na sijajuta, na tangu usichana wake yeye ndiye aliyewaongoza wanawake kuimba wakati wa kupura uwele na kwenye arusi, lakini ugonjwa wa viungo ukamwingia magotini na vidoleni, akawa anashinda ndani, na watu polepole wakaacha kumwita.

Nilimpeleka zahanati, bwana dresa anayetibu pale akasema kiungo kikiachwa tu kinazidi kukakamaa, basi kila asubuhi nikawa nampashia maji akakanda mikono na magoti, kisha tukashikana tukazunguka ua, baadaye tukafika zizini, mwisho akawa anakwenda kwa jirani yetu Esta kwa fimbo yake mwenyewe, na safari ya mbali nilimpandisha punda juu ya blanketi, wanaume wakicheka kwamba punda ni wa magunia, si wa mke.

Ikaja arusi ya binti wa rafiki yangu Nathanaeli. Dada yangu Martina ndiye aliyesimama kuongoza nyimbo, akaanzia juu mno, wanawake wakashindwa kumfuata, bibi arusi akabaki amesimama mlangoni na watu wanatazamana. Raheli bado yuko juu ya punda akaniambia, "Baba Simeoni, nishushe."

Nikamwambia, "Mama Simeoni, magoti yako!"

"Kinachouma ni magoti, koo haliumi. Nishushe!"

Nikamshusha, akaenda na fimbo mpaka katikati, akamwambia Martina, "Wifi, niachie mimi, wewe nipokee," akaanza. Bibi Mshauri, uwanja wote ulimpokea! Vigelegele vilifika barabarani, hata wale waliomcheka punda wangu walikuwa wanacheza, na Martina alimkumbatia akilia, nami nililia bila kuona haya.

Lakini kesho yake magoti yalivimba. Kaka yangu mkubwa Filipo akaja kunigombeza, "Unamtembeza mgonjwa kama maonyesho, utamuua, mwache apumzike nyumbani." Nikaogopa, nikamkataza kutoka. Uvimbe umeshapungua, na sasa ameitwa kuimba arusi Ikungi, nimekataa, naye hasemi nami, ananiwekea chakula na kuondoka. Je, nimekosa?

Ni mimi, Kefa

JIBU

Bwana Kefa, umekosa, tena sana, na ninakuambia hivyo kwa sababu kabla ya hapo ulifanya kazi ambayo wanaume wengi hawaiwezi. Ulivumilia kuchekwa, ukapasha maji, ukamshika mkeo mkono mchana kweupe mbele ya watu. Kisha maneno ya kaka yako yakakurudisha nyuma. Je, magoti hayo ni ya Filipo? Uliwahi kumuuliza Raheli mwenyewe?

Naelewa hofu yako. Ukimwona unayempenda amevimba magoti, unataka kumfungia ndani asiumie tena. Lakini aliposhinda ndani alikuwa anaumwa vilevile, tena alikuwa peke yake.

Goti likivimba na kuwa la moto, apumzike mpaka lipoe, huku akilinyoosha na kulikunja taratibu pale pale kitandani. Likishapoa, mrudie matembezi yenu, kidogo kidogo. Alichozidisha siku ile ni kusimama muda wote bila kupumzika, basi Ikungi mwombee kiti kirefu, maana kigoda cha chini kitamtesa wakati wa kuinuka. Aimbe ameketi, asimame kwa wimbo wa kumtoa bibi arusi. Huko ni mbali, punda abaki nyumbani. Mwone dereva wa lori mapema, mkeo akae mbele pamoja naye, wewe panda nyuma na mizigo. Njiani mwombe asimame ili Raheli ashuke anyooshe miguu. Mchukueni Martina awe anapokezana naye nyimbo. Nyumbani usimnyang'anye kazi zote. Kubambua karanga na kuchambua mboga kunavilegeza vidole, mradi akichoka aache.

Kaka yako mwamkie kwa heshima yake yote, "Shikamoo, kaka," kisha mwambie kwamba mkeo anakwenda Ikungi na yeye anakaribishwa kuja kumsikiliza.

Gazeti hili liweke chini sasa. Nenda jikoni ukamwombe radhi Raheli, umuulize atavaa kanga ipi.