Mama Ameacha Vidonge

Kaka,

Sisi ni wazima, isipokuwa mama. Bati la jikoni limezibwa, na mimi bado nafundisha fizikia sekondari.

Kitabu chako kilifika. Mama alitaka nimsomee ile sura ambamo unadai kwamba mafundisho ya Buddha na fizikia ya kwanta ni kitu kimoja, kwamba hakuna kinachosimama peke yake, na ugonjwa ni mawazo tu. Nikamwambia, "Mama, chembe ndogo kuliko atomu zina mambo yake. Presha yako ni habari nyingine."

Akanijibu, "Kaka yako amesoma kukuzidi."

Akaacha vidonge kimyakimya. Wiki ya tatu alianguka bafuni. Sasa upande wa kulia hausogei, na maneno yake nayaelewa mimi peke yangu.

Nilimfuata yule mtawa wa Kibuddha aliyekufundisha, nikiwa nimejiandaa kugombana. Alisoma ukurasa ule mara mbili, akasema, "Hili sikumfundisha. Sisi tunasema maumivu yapo, ndiyo maana tunahurumiana. Hayo ya fizikia siyajui." Angalau yeye alikiri kutojua.

Usinitumie maelezo. Wala usimwombe mama msamaha kwa barua, kwa sababu msomaji ni mimi, na sitamsomea. Jana alihangaika mpaka akaweza kuuliza kama unakuja. Nilimjibu ndiyo. Sijawahi kumdanganya mama, kwa hiyo panda gari uje, usinifanye mwongo.

Ni mimi, mdogo wako kwa kuzaliwa tu.