Mume Wangu Ameziba Paa la Gari, Anamficha Nani?

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafunga virago nikarudi kwa mama. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kazi kiko ghorofa ya pili na dirisha linatazama pale pale mume wangu anapoegesha gari, na gari lenyewe lilikuwa na kile kioo cha juu ya paa, kwa hiyo miaka sita yote sikuwahi kumuuliza alikuwa na nani, maana nilikuwa nainama tu dirishani na pini mdomoni, namwona yeye na aliyekaa pembeni yake mpaka magoti. Mwezi uliopita akalipeleka kwa fundi wa bodi, likarudi kioo hakuna, paa limezibwa na kipande cheusi tii, nilipouliza akasema, “Mama watoto, hiyo ni kaboni faiba, nyepesi halafu ngumu, kile kioo na mota yake vilikuwa vinatia gari uzito.” Uzito! Gari la kupeleka watoto shule, uzito wake unamsumbua nini? Hapo machale yakanicheza, nikaanza kupeleleza, na niliyoyaona, jamani! Kiti cha abiria wa mbele hakipo, eti kimepelekwa kushonwa, kushonwa na nani wakati mkewe ni fundi? Kwenye buti nikakuta helmeti mpya, na mimi najua yule dada anayemuuzia vipuri vya gari anaendesha pikipiki, kwa hiyo nikajua helmeti ni ya nani. Amepunguza kula, anajipima kwenye mizani ya dukani, Jumapili anatoka asubuhi na kurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, ananuka mpira ulioungua, anacheka peke yake. Nikamweleza wifi yangu, akaangua kicheko akasema kaka yake hana ujanja huo, nikajua kumbe wifi naye yumo. Nguo za watoto nimeshazipanga kwenye mabegi, baba yao hajui. Niondoke, au nimfumanie kwanza?

Fundi wa Ghorofani

Dada yangu, ondoka kwanza hapo dirishani. Pole kwa kukosa amani, ila na wewe umezidi! Umeona kila kitu na hujaelewa hata kimoja. Kama kiti cha pembeni kimetolewa, huyo mwanamke anakaa wapi, sakafuni? Na helmeti, umemvalisha mumeo ukaona kama inamtosha? Mwanamume anayepunguza uzito wa gari na wa tumbo lake, halafu anarudi na vumbi na harufu ya matairi, huyo anashindana mbio za magari. Muuza vipuri wa watu mwache afanye kazi yake, na wifi yako kamwombe radhi.

Lakini usianze kushangilia. Mumeo amekudanganya, tena kwa jambo kubwa. Gari analolikimbiza Jumapili ndilo linalobeba wanao Jumatatu, na paa lake limefumuliwa. Kipande hicho kimefungwa kwa boliti au kimebandikwa kwa gundi tu? Hujui, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kunusa mashati.

Sasa nisikilize. Leo hii mkalishe chini, usimwulize, mwambie: “Najua unashindana.” Kisha nyamaza, aongee yeye. Watoto wasipande gari hilo mpaka likaguliwe na fundi mwingine kabisa, siyo yule aliyelifumua, na kiti kirudi mahali pake. Akitaka mbio, atafute gari la mbio. Mabegi yafungue, nguo uzirudishe kabatini kabla hajaziona. Na Jumapili nenda naye, ukaone mwenyewe anavyokata kona.

Umehangaika kumtafuta mwanamke, na mume aliyeibwa na mwanamke anaweza kurudi siku moja akagonga mlango, ukamfungulia au ukamfukuza. Huyu wako akibiringika na gari huko, watakaogonga ni watu wengine.