Mguu Wako Usifungwe Tena

Mpwa wangu Somoe,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia mwaka wa pili sasa. Nakuandikia kutoka huku kwenye miwa, Morogoro. Mikono imekufa ganzi kwa panga, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo vumilia mwandiko. Barua ya mama yako imenifikia jana. Anasema umeacha vidonge, umeanza tena kutoka nyumbani na kupotelea porini, na wazee wameshalitoa lile gogo nyuma ya ghala. Wanasubiri neno langu tu, kwa sababu kwetu mtoto wa dada hafanyiwi kitu mjomba hajasema. Mwenzangu wa Tandahimba anasafiri kesho alfajiri, ataileta hii. Nimeiacha wazi, bila gundi. Mama yako aisome, wazee waisome, na mganga asomewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka bondeni kuchota maji? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, unapanda mlima na ndoo kichwani huku unanicheka. "Mjomba, ndoo yako ina maji au mawe?" Ulikuwa na mdomo wewe. Ndiyo maana uliponyamaza, msimu ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia Newala, nilijua kuna jambo. Ulikaa siku tatu bila kulala, ukifagia chini ya mikorosho na kujibizana na watu tusiowaona.

Tulikupeleka kwa mganga, kijijini Makote. Sisemi uongo, kule ulipata nafuu. Alikuogesha majani, wanawake wakakuimbia, ukala ugali ukaumaliza. Lakini ulipoanza tena kukimbia, nilisema ufungwe. Likaletwa gogo lenye tundu, mimi mwenyewe nikaushika mguu wako ukapitishwa, wakagongea kigingi. Hukupiga kelele. Ulisema, "Mjomba, hata mbuzi hufungwa kwa kamba." Kidonda kilipoanza kunuka ndipo tukapanda lori kwenda hospitali ya Ndanda.

Daktari aliniuliza, "Ametumia dawa gani nyumbani?" Nikajibu, "Hakuna." Niliogopa kugombezwa. Tuliporudi, mganga naye akauliza kama hospitali wamekupa kitu. Nikajibu, "Hakuna." Ukawa unameza vidonge asubuhi, jioni unakunywa mizizi yake, mpaka ukalala siku mbili tunakutikisa huamki. Mama yako alishaanza kulia kilio cha msiba. Ulipozinduka nilimweleza mganga ukweli. Akaniuliza:

"Uliniogopa mimi au ulimwogopa daktari?"

"Wote wawili, mzee."

"Na aliyekaribia kufa ni nani?"

Alisema angejua, angeacha dawa ya kunywa akabaki na kuogesha tu. Maneno hayo sijamsimulia mtu mpaka leo.

Nilidhani ugonjwa huu ni wa ukoo wetu, na aibu yake ni yetu peke yetu. Huku kambini tupo watu wa mikoa mingi, na wakishachoka wanasema: huyu dada yake aliugua hivyo, yule baba yake, na kila mwaka nasikia wengine. Anayelala kitanda cha pili kutoka changu ni mtu wa Songea. Anakata miwa kama sisi, na anameza vidonge kama vyako kila siku. Nilimweleza ulivyokuwa ukilalamika mikono kutetemeka na ulimi kuwa mzito. Akasema hata yeye aliacha kwa sababu hiyo hiyo, akaugua zaidi. Alipokwenda kumwambia daktari, alibadilishiwa dawa. Mimi nilipokuona unatetemeka nilikwambia uvumilie. Lilikuwa neno la kipumbavu.

Sasa neno langu kama mjomba ni hili. Gogo lipasuliwe kuni. Mama yako akupeleke Ndanda wiki hii, mseme yote: kutetemeka, kuacha vidonge, na mizizi. Mganga aendelee kukuogesha na wanawake wakuimbie, maana kwa nyimbo zile ulipata usingizi. Cha kunywa asikupe mpaka daktari ajue.

Lakini Somoe, najua unaweza kukataa safari. Mimi niko mbali, na hata ningekuwa hapo nisingekushika tena. Nakuomba tu uende. Na ukifika, ukiulizwa, jibu mwenyewe. Mimi nimeshakujibia vibaya mara mbili.

Uende salama, urudi salama.

Mjomba wako