Siku Mashine Ilipowashwa Nikiwa Ndani

Kikima, Mbooni,
Makueni.
28 Desemba 2025.

Mpendwa dada Kalunde,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Joto la Lodwar linakuacha ulale? Na kile kifua cha mtoto kimepona? Huku mama yetu, Mwaitu, ni mzima, na kunde zimeanza kutoa maua. Krismasi watu wengi kanisani walikuulizia.

Barua hii nimempa mwalimu mwenzako Kaloki akuletee. Kwa simu ningelia, na Mwaitu angesikia. Tafadhali usimwambie.

Unajua kiwanda chetu cha chakula cha mifugo pale Kabati hufungwa kila Desemba, kuanzia tarehe ishirini hadi sikukuu ziishe. Wengi huenda nyumbani, wachache tunabaki kusafisha na kurekebisha mashine. Mwaka huu niliomba kubaki. Nilitaka kujifunza mashine, nitoke upande wa kushona magunia.

Jumanne, tarehe ishirini na tatu, niliingia ndani ya mashine ya kuchanganya. Ni kama pipa kubwa la chuma lililolazwa, na ndani kuna mapanga mazito yanayozungushwa na stima. Unaingia kwa mlango mdogo wa pembeni, umejikunja. Kagure, rafiki yangu wa kutoka Murang'a, alisimama mlangoni akinishikia taa nikikwangua unga ulioganda.

Supavaiza wetu, Ndolo, alikuwa na haraka ya kwenda harusi Nunguni. Akaandika kwenye daftari kwamba mashine yetu imeshasafishwa, akatia sahihi, akaenda kubadilisha nguo. Mwangangi, fundi wa stima, alikuwa upande wa pili wa mashine akibadilisha mota yake. Akasoma daftari. Akawasha ajaribu.

Dada, kwanza nilisikia mtetemo chini ya miguu. Halafu panga likasonga. Likaja polepole, likabana gambuti yangu, kile kiatu kirefu cha mpira, kwenye ukuta wa chuma, likaendelea kusukuma. Nikamsikia Kagure, "Zima! Zima! Kuna mtu!" Akatupa taa, akakimbilia kitufe chekundu cha ukutani na kukigonga kwa ngumi. Giza. Nikabaki hapo nikijaribu kusogeza vidole vya mguu, kimoja kimoja, nijue kama bado viko.

Walinivuta nje, gambuti ikabaki ndani. Mwangangi alikaa sakafuni. "Daftari lilisema mmemaliza," alirudia, "lilisema mmemaliza."

Ndolo alifika mbio, amevaa shati la harusi. Akaangalia mguu wangu uliokuwa umeanza kufura. "Nzisa, ni kitu kidogo tu. Hii maneno tuimalize sisi wenyewe. Uliteleza, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo, dada, nilikubali. Niliogopa kufutwa kazi.

Mwaitu naye nilimwambia niliteleza. Amekuwa akinikanda kwa maji moto na kuniuliza ni wapi hasa nilianguka, na kila siku najibu tofauti. Siku moja baada ya Krismasi jirani aliwasha mashine yake ya kukata nyasi ya ng'ombe. Nilijikuta nyuma ya choo, nimechuchumaa, nimeziba masikio. Hapo nikajua siwezi kunyamaza.

Nikampigia meneja, Bi. Mukami. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Nani mwingine aliona?" Nikamtaja Kagure, naye akaeleza yote bila kupunguza neno. Mwangangi pia alikubali. Jana Bi. Mukami alinipigia: Ndolo amesimamishwa, na kuanzia sasa kila anayeingia ndani ya mashine atafunga swichi kwa kufuli yake na kukaa na ufunguo.

Nikadhani nitapumua. Lakini ndugu za Ndolo ni majirani zangu pale Kabati ninapopanga, na mmoja amenitumia ujumbe: "Sasa umeshiba?" Naogopa kurudi.

Tarehe tano Januari wanaanza kusafisha mashine ile ile, kabla ya kiwanda kufunguliwa. Meneja aliniuliza kama nitaingia. Nikasema siwezi. Akasema hakuna shida, atapata mwingine. Tangu hapo namfikiria huyo mwingine, ambaye sijui hata jina lake. Nitaenda mapema siku hiyo, hata nikichechemea, nimsimulie mwenyewe kabla hajainama kwa ule mlango.

Msalimie shemeji Jonah na watoto, na umwambie Mutisya mdogo shangazi... la, mama yake mdogo anamkumbuka. Unaona hata maneno yananichanganya. Mwaitu anawaombea, na Mungu awafunike nyote.

Mdogo wako akupendaye sana,
Nzisa